Begi la fundi wa boila za dizeli, kwa anayeanzia Arusha au Moshi

Kijana aliyesomea umeme au mabomba VETA, au aliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha, akiamua kuingia kwenye huduma ya boila za dizeli, hela yake ya kwanza mara nyingi inaishia kwenye seti kubwa ya spana. Spana zinafungua kila kitu, lakini hazimwambii mafuta yanatoka kwenye pampu kwa presha gani, hewa inatosha au haitoshi, wala moshi unaondoka na joto kiasi gani. Fundi asiye na vipimo hubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka tatizo lijiondokee, na mteja analipia zote, nzima kwa mbovu.

Kwa hiyo tunaanza na vyombo vya kupimia. Boila tunazozisema ni ndogo na za kati, zinazochoma dizeli ya kawaida kwa kichomeo chenye pampu, feni na nozo (kipande chenye kitundu kinachonyunyiza dizeli): za kufulia kwenye hoteli na hospitali, za kutakasia vifaa vya upasuaji, za viwanda vya maziwa, vinywaji na ngozi. Zinazochoma mafuta mazito ziache kwanza. Mafuta yale lazima yapashwe moto mpaka nyuzi 100 na zaidi ndipo yapite kwenye nozo vizuri, na hita zake, themostati zake na pampu zake zinahitaji fundi aliyekwisha izoea dizeli. Mteja akikuomba umchomee oili chafu ya magari kwenye kichomeo cha dizeli, mkatalie. Uchafu na unene wa oili ile vinaua pampu na nozo, na mwali wake hautabiriki.

Geji mbili za mafuta

Geji ya kwanza ni ya presha, bar 0 hadi 25, yenye gliserini ndani ili mshale usitetemeke. Ya pili ni ya vakyumu, yaani nguvu ya pampu kuvuta mafuta, kutoka 0 kwenda -1 bar. Pampu nyingi utakazokutana nazo, Suntec na Danfoss zikiwemo, zina matundu ya kupimia yenye uzi wa 1/8 ya inchi: lenye herufi P ni la presha, lenye V ni la vakyumu. Tafuta adapta mbili za kutoka 1/8 kwenda kwenye uzi wa geji zako, na wosha za shaba kumi kumi kwa kila saizi. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji iache nyumbani. Nyuzi zake zinakatika ndani ya kiungo, zinasafiri na dizeli, zinakwama kwenye solenoidi (vali ya umeme inayofungulia mafuta) au kwenye nozo, halafu unatafuta ugonjwa ulioutia mwenyewe. Viungo vya mafuta vinafungwa kwa wosha ya shaba, kwa mdomo wa bomba uliotanuliwa, au kwa gundi ya nyuzi inayostahimili dizeli.

Vichomeo vingi vya dizeli hufanya kazi kati ya bar 10 na 14. Namba halisi iko kwenye kitabu cha kichomeo, na hiyo ndiyo ya kufuata. Skrubu ya presha ukiizungusha kufuata mishale ya saa inapandisha. Izungushe robo, subiri, soma, endelea. Presha isipopanda hata ukizungusha, usikimbilie kulaumu pampu. Angalia kwanza kapling, kile kiungo cha plastiki au mpira kati ya mota na pampu. Kikikatika mota itazunguka na feni itavuma kama kawaida, ila pampu imesimama.

Geji ya vakyumu ndiyo inayodharauliwa, nasi tungeinunua siku ileile na ya presha. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha bar 0.4. Ikifika 0.3 anza kutafuta sababu, kwa maana njia imebanwa mahali: filta imeziba, vali ya tanki haikufunguliwa yote, mpira umekunjika, au vali ya kuzuia mafuta yasirudi imekwama ndani ya tanki. Vakyumu ikiwa ndogo huku presha inayumbayumba na mwali unatikisika, hewa inaingia upande wa kuvuta. Hapo funga kwa muda kipande cha mpira angavu cha sentimita 30 kabla ya pampu, washa, uangalie mapovu. Kaza viungo kimoja kimoja kuanzia kwenye pampu kurudi tanki mpaka mapovu yakome, kisha ukitoe kipande hicho. Kisibaki hapo hata kwa usiku mmoja.

Kabla hujagusa pampu yoyote, tambua kama mfumo ni wa bomba moja au mawili. Kwenye mabomba mawili, moja linavuta na jingine linarudisha ziada tanki, na ndani ya pampu kuna skrubu ndogo inayoelekeza ziada hiyo kwenye bomba la kurudi. Kwenye bomba moja skrubu hiyo lazima itolewe. Ukifunga pampu mpya yenye skrubu kwenye mfumo wa bomba moja, ziada haina pa kwenda, na sili ya shafti inapasuka ndani ya muda mfupi sana. Balaa hilohilo linatokea mtu akiweka vali ya mkono kwenye bomba la kurudi na mwingine akaifunga. Ukiikuta vali ya namna hiyo, mwambie mwenye boila kwa maandishi kwamba iondolewe.

Masizi kwanza, mashine baadaye

Chombo cha tatu ni pampu ya mkono ya kupimia masizi, ya mtindo wa Bacharach. Unaweka karatasi, unaingiza mrija kwenye tundu la bomba la moshi, unavuta mara 10 polepole, kisha unalinganisha doa na kadi yenye madoa ya 0 hadi 9. Kwa dizeli tafuta 0. Namba 1 ndiyo mwisho. Doa la manjano lenye mafuta linamaanisha dizeli inapita bila kuungua, na hapo nozo ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Cha nne, na cha gharama kuliko vyote, ni mashine ya kupima gesi za moshi: oksijeni, kaboni monoksaidi, joto la moshi na mvuto wa dohani. Kipimo cha masizi kinatangulia kwa sababu masizi mengi yanaziba filta ya mashine na kuharibu sensa. Sensa hizo zina umri wake hata mashine isipotumika, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji sensa mpya zinapatikana wapi na nani anazirekebisha. Mashine ya bei nafuu ambayo sensa zake hazipatikani itageuka kuwa mkebe.

Tundu la kupimia ni la milimita 8 hadi 10, kwenye bomba la moshi karibu na linapotokea boila, kabla ya mahali popote ambapo hewa ya nje inaweza kuingia. Acha kichomeo kiwake dakika 10 hadi 15 ndipo upime. Kwa dizeli oksijeni iwe kati ya asilimia 4 na 6, ambayo ni kaboni dioksaidi ya takribani asilimia 11 hadi 12.5, na kaboni monoksaidi ibaki chini ya sehemu 100 kwa milioni. Oksijeni ikizidi hapo unapasha moto hewa ya bure na kuitoa nje. Ikipungua, masizi yanaanza kabla hujayaona kwa macho juu ya paa.

Joto la moshi linasomwa pamoja na presha ya boila. Mvuke wa bar 7 una nyuzi 170 hivi, kwa hiyo moshi wa nyuzi 210 hadi 230 ni wa kawaida. Ukikuta 280 na hewa imerekebishwa sawa, mirija ina masizi upande wa moto au ukoko upande wa maji. Kila nyuzi 20 zinazoongezeka hapo zinakula karibu asilimia moja ya dizeli, na hiyo ndiyo hesabu ya kumwonyesha mhasibu wa hoteli anayeuliza kwa nini alipie usafi wa mirija.

Kuna kipimo kimoja cha bei ndogo ambacho mafundi wengi hawanacho: mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 na dumu safi. Chomeka mpira wa kuvuta na wa kurudisha ndani ya dumu lilelile, ondoa hewa, subiri mwali utulie, kisha pima uzito, chomea dakika 6, upime tena. Tofauti ukiizidisha mara 10 ni kilo kwa saa. Gawanya kwa 0.84 upate lita. Ukiwa na hiyo namba hubishani na mtu kuhusu nozo ipi imefungwa ndani.

Hewa ya huku juu

Vitabu vya vichomeo vimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni mita kama 1,400 juu, na presha ya hewa ni karibu bar 0.86. Moshi, kwenye mita 800 hadi 900, ni karibu 0.91. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa kama ingekuwa Tanga, lakini hewa yenyewe ni nyepesi: Arusha inapungua kama asilimia 15, Moshi kama 10. Nozo haijui habari hizo. Inatoa dizeli ileile. Ndiyo maana kichomeo kilichowekwa kwa alama za kitabu na kuachwa hivyo kinatoa moshi mweusi Arusha, na fundi aliyekuja nacho kutoka Dar anaapa kwamba huko kiliwaka vizuri. Anasema kweli.

Dawa ni kufungua mlango wa hewa na kusogeza kichwa cha mwali, kile cha mbele kinachochanganya hewa na dizeli, mpaka vipimo vikubali. Feni ikiwa imefunguliwa mwisho na masizi bado yapo, kichomeo kimefika kikomo chake, na kinachobaki ni nozo ndogo. Anayeagiza kichomeo kipya amwambie muuzaji mwinuko wa mahali. Kichomeo chenye uwezo wa kilo 40 kwa saa pwani, Arusha kihesabu kama 34.

Upande wa maji nao unaguswa. Maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kitabu kikisema tanki la maji ya kulisha boila liwe na nyuzi 90, umebakiwa na nyuzi 5 tu, na pampu ya kulisha inaanza kupiga kelele za mapovu na kupoteza msukumo. Punguza joto la tanki au linyanyue juu zaidi ya pampu.

Zana za mkono

Hapa tutapita haraka. Spana za milimita 8 hadi 24, lakini 16 na 19 ziwe mbili mbili, kwa sababu nozo hushikwa kwa 16 na kishikio chake mara nyingi kwa 19, na bila kushika kishikio utaipinda fimbo nzima. Funguo za alen za milimita 2 hadi 10. Ile ya 4 ndiyo ya skrubu ya presha kwenye pampu nyingi za Danfoss, basi beba mbili. Bisibisi zenye mpini wa kuzuia umeme, plaizi, rula ya chuma, kioo kidogo cha fimbo, tochi ya kichwa. Kikata bomba na kitanua mdomo wa bomba la shaba la milimita 8, 10 na 12. Mita ya umeme inayopima kapasita na mkondo mdogo wa mikroampea, na klampu ya kupimia mkondo wa mota.

Brashi za mirija hazinunuliwi kwa kukisia. Pima kipenyo cha ndani cha mrija wa boila husika, nunua brashi ya waya iliyozidi milimita moja au mbili, na uchongeshe fimbo za kuunganishwa kwa uzi. Mafundi wa leth wa Unga Limited au SIDO wanazitengeneza vizuri. Vuta masizi kwa mashine ya vumbi yenye filta nzuri, vaa barakoa ya daraja la FFP2 na glovu. Masizi yaliyolowana yana asidi na yanakula chuma, kwa hiyo usioshe chumba cha moto kwa maji ukakiacha.

Kufuli ya swichi kuu na kibao cha kuonya visikosekane. Chumba cha boila kina watu wawili watatu wanaopokezana zamu, na wa zamu inayofuata hajui mkono wako uko wapi.

Nozo

Spea utakayoibadilisha mara nyingi kuliko zote ni nozo, na ndiyo inayofungwa kimakosa mara nyingi kuliko zote. Imeandikwa vitu vitatu ubavuni: ujazo, nyuzi za mtawanyiko, na herufi ya umbo la mwali. Mfano 1.00, 60°, S. Hiyo 1.00 ni galoni moja ya Marekani kwa saa, lita 3.785, lakini kwa presha ya paundi 100 kwa inchi ya mraba, yaani bar 6.9. Kichomeo chako hakifanyi kazi kwa bar 6.9. Presha ikipanda ujazo unapanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano: kwa bar 12 nozo hiyohiyo inatoa karibu lita 5. Ukilikumbuka hilo, galoni moja kwa bar 12 ni lita 5, hesabu nyingi utazifanya kichwani. Nozo nyingine zina namba ya kilo kwa saa kwa bar 10. Usichanganye namba hizo mbili.

Tuchukue boila ya mvuke ya kilo 500 kwa saa. Kila kilo ya mvuke wa bar 7, maji yakiingia na nyuzi 60, inahitaji karibu kilowati-saa 0.7. Jumla ni kilowati 350. Boila ikifanya kazi kwa asilimia 87, kichomeo kitoe kilowati 400. Lita moja ya dizeli ina karibu kilowati-saa 10, basi lita 40 kwa saa. Kwa bar 12 gawanya kwa 5: galoni 8. Kichomeo cha hatua mbili, yaani cha moto mdogo na moto mkubwa, kinaweza kubeba nozo mbili za 4.00. Ukimkuta mtu amefunga mbili za 5.00 ili mvuke uongezeke, na hewa ya Arusha haikuongezeka, umeshajua masizi yale kwenye mirija yametoka wapi.

Nyuzi za mtawanyiko zinafuata chumba cha moto. Chumba chembamba na kirefu kinataka nyuzi 45 au 60. Kifupi na kipana kinaweza kutaka 80. Nyuzi zikiwa pana kupita kiasi dizeli inagonga kuta, inapoa, inaacha kaa gumu. Kwa nozo za Danfoss, herufi S ni mwali uliojaa katikati, H ni ulio wazi katikati, B iko kati ya hizo mbili; watengenezaji wengine wana herufi zao. Rudisha herufi iliyoandikwa kwenye kitabu cha kichomeo, hata kama duka lina nyingine ya karibu.

Nozo haichokonolewi. Tundu lake ni dogo na limesuguliwa kwa usahihi. Sindano au waya unalikwaruza, na mwali unaegemea upande mmoja. Ikiziba, toa weka mpya, halafu tafuta uchafu ulikotoka. Ishike kwa sehemu ya pembe sita, usiiguse uso wa mbele kwa vidole, usifute kwa tambara. Lenzi ya mkono ya mara 10 inasaidia dukani: maandishi yaliyopinda au tundu lenye kingo mbaya ni dalili ya bidhaa bandia.

Kwa kila kichomeo unachokihudumia weka nozo mbili za akiba za saizi yake kamili, na kama ni cha hatua mbili, mbili kwa kila hatua. Elektrodi, zile pini mbili zinazotoa cheche, ziwe jozi moja. Umbali kati ya ncha zake kwa kawaida ni milimita 3 hadi 4, lakini urefu wake juu ya kitovu cha nozo na mbele yake unatofautiana. Piga picha na upime kwa rula kabla ya kulegeza chochote. Ncha zikikaa ndani ya mtawanyiko wa mafuta zinaota kaa, cheche inapita kwenye kaa, na kichomeo kinakataa kuwaka asubuhi kikiwa baridi. Na cheche ya transfoma, volti 10,000 na zaidi, isijaribiwe kwa bisibisi.

Spea za umeme na mafuta

Jicho la mwali kwenye vichomeo vidogo ni kipande kinachopunguza upinzani kikiona mwanga. Litoe, lifute kwa kitambaa laini, lipime kwa mita: likifunikwa gizani lisome mamia ya kiloohm kwenda juu, likimulikwa tochi lishuke hadi kiloohm chache. Lisipobadilika limekufa. Usinunue boksi la kontroli kabla ya kupima jicho. Jicho chafu linaleta dalili zilezile kwa gharama ndogo.

Boksi la kontroli lenyewe hufuata mpangilio mmoja: feni inapuliza kwanza, kwa sekunde 12 au zaidi, cheche inakuja (kwenye vingine inaanza pamoja na feni), solenoidi inafungua, kisha mwali lazima uonekane ndani ya sekunde 10 kwa vichomeo vidogo, au 5 kwa vile vinavyozidi kilo 30 kwa saa. Kaa na saa mkononi usikilize. Kikijifunga kabla ya solenoidi kufunguka, jicho linaona mwanga wa uongo au boksi ni bovu. Kikiwaka kisha kikazima muda wa usalama ukiisha, jicho halioni. Kisipowaka kabisa, gawanya kazi: kuna cheche? kuna presha? solenoidi inagonga?

Kitufe cha riseti kibonyezwe mara mbili, basi. Kila jaribio lisilowaka linamwaga dizeli kwenye chumba cha moto. Ukiambiwa na mtu wa zamu kwamba amebonyeza "mara kadhaa", funga umeme, funga mafuta, fungua uangalie ndani kwa tochi, kausha dizeli yote iliyotuama, acha hewa ipite, ndipo uendelee. Mvuke wa dizeli uliojaa kwenye boila yenye joto ukipata cheche unang'oa mlango. Liandike hilo kwa Kiswahili kikubwa ukutani kwenye kila chumba cha boila unachokihudumia.

Kwa akiba ya pamoja, weka boksi moja la kontroli kwa kila aina inayojirudia kwa wateja wako, jicho moja kwa kila aina, koili moja ya solenoidi ya volti 230, kapasita za mota za mikrofaradi na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na kapling mbili. Kapasita iliyochoka inajulisha mapema: mota inavuma bila kuanza, au inaanza ukiisukuma feni kwa mkono. Pima volti kwenye vituo vya kichomeo kikiwa kinawaka, usipime swichi ikiwa wazi tu. Zikiwa chini ya 207 au juu ya 253, kazi ya kwanza ni ya fundi umeme wa jengo. Kinga ya volti mbele ya kichomeo ni bei ndogo ukilinganisha na boksi, na hakikisha laini na nyutro hazijabadilishana, hasa mahali penye jenereta.

Pampu nzima si lazima uibebe siku ya kwanza. Beba sili ya shafti, kichujio cha ndani cha waya na oringi za mfuniko wake kwa aina mbili tatu unazozikuta zaidi. Mipira ya mafuta jozi moja kwa kila saizi: ikitoa malengelenge au kupasuka ngozi, badilisha bila mjadala. Filta za bomba mbili kwa kila mteja.

Msimu wa masika ongeza dawa ya kupaka kwenye kijiti cha kupimia maji, ileile wanayotumia vituo vya mafuta. Tanki lenye mfuniko mbovu linakusanya maji chini, na matanki yasiyojaa yanatoa jasho usiku wa baridi. Paka dawa sentimita 10 za mwisho za kijiti, kishushe mpaka sakafu ya tanki, soma rangi. Toa maji kwa koki ya chini kabla hujaosha filta, la sivyo utaiosha tena wiki ijayo.

Upande wa maji, kwa tahadhari

Anayeanza anaruhusiwa mambo machache hapa. Kioo cha kuonyesha maji ni kimojawapo: weka viwili vya kila kipenyo na mipira yake minne. Kikate kwa urefu unaoacha nafasi ya milimita chache ili kitanuke, kaza nati kwa mkono na kisha kidogo tu kwa spana. Wakati wa kukirudisha kazini fungua koki ya kutoa maji, legeza koki ya mvuke kidogo kioo kipate joto taratibu, funga ile ya kutoa maji, kisha fungua ya kuingiza maji kwenye kioo. Vaa miwani na simama pembeni.

Kifaa cha kuzima kichomeo maji yakipungua kijaribiwe kwa vitendo kila unapofanya huduma: toa maji polepole, kichomeo kizime chenyewe kabla kioo hakijawa kitupu. Kisipozima, boila haiwashwi. Vali ya usalama haibadilishwi mpangilio na fundi wa kichomeo, na mwili wa boila hauchomelewi bila mkaguzi. Ukaguzi huo uko chini ya OSHA kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwenye boila kuukuu, kamba nyeupe za milango zinaweza kuwa asbesto. Usizisugue wala kuzipuliza; zitolewe na wanaojua, ziwekwe za nyuzi za kioo au kauri.

Maji ya miteremko ya Meru yana fluoridi nyingi katika sehemu nyingi, na mara nyingi ni ya magadi ya soda yenye chokaa kidogo. Mteja mwenye maji hayo hatapata sana ukoko mgumu, atapata povu, na mabomba ya maji yanayorudi yatalika kwa ndani. Mashine ya kulainisha maji pekee haimsaidii. Mpeleke kwa mtu wa kemia ya maji, na wewe umwachie nakala ya vipimo vya moshi.

Kupata na kutunza

Oringi, sili, wosha za shaba na mipira vinapatikana Arusha na Moshi kwenye maduka ya beringi na haidroliki ukienda na sampuli mkononi. Nozo, macho na maboksi kwa kawaida yanaagizwa Dar au Nairobi na kuja na basi, hata yakipita Namanga bila shida siku inakatika, na hoteli yenye wageni haina shuka safi. Kwa hiyo kabla hujanunua akiba yoyote, zunguka kwa wateja unaowatarajia ukiwa na daftari tu. Piga picha kibao cha boila, cha kichomeo, cha mota, cha pampu, na maandishi ya boksi la kontroli. Andika saizi ya nozo iliyomo, presha, kipenyo cha mirija, na kama mafuta ni bomba moja au mawili. Utakuta vichomeo vingi vinashiriki spea zilezile chache, na hizo ndizo za kuanzia.

Spea alizolipia mteja zikae kwake, kwenye ndoo yenye mfuniko nje ya chumba cha boila, zimeandikwa namba ya boila. Nozo ibaki ndani ya kikopo chake cha plastiki hadi dakika ya kuifunga, na ile iliyotoka irudi kwenye kikopo hichohicho, ikiwa na tarehe na masaa ya kazi, mpaka huduma inayofuata.